Mary Anning, muuza mawe wa Lyme Regis

Kila Jumamosi jioni soko likishafungwa hapa Kobero, watoto wa wafanyabiashara wenzangu hukaa juu ya marobota ya mitumba nami nikawasimulia habari za ulimwengu. Mazoea haya niliyapata kambini mkoani Kigoma, ambako walimu walikuwa wachache na kila aliyejua kusoma alishikishwa chaki. Nilirudi nyumbani mwaka 2004 nikaingia kwenye biashara, lakini chaki haikuniacha.

Mwezi uliopita binti mmoja wa miaka 12 aliacha shule. Baba yake amefariki na kuacha deni, naye sasa anauza karanga pamoja na mama yake. Kwa ajili yake nilichagua habari za Mary Anning.

Mary alizaliwa tarehe 21 Mei 1799 huko Lyme Regis, mji mdogo wa pwani kusini mwa Uingereza. Baba yake, Richard, alikuwa seremala, na aliongeza kipato kwa kuokota visukuku chini ya majabali ya bahari na kuwauzia wageni waliokuja kupunga upepo. Alifariki mwaka 1810. Aliacha mjane, watoto wawili na madeni. Nilipofika hapo, binti yule aliinua macho.

Mama na watoto wakaendelea na biashara ya mawe. Mwaka 1811 kaka yake Mary, Joseph, aliona fuvu kubwa ndani ya mwamba, na mwaka uliofuata Mary akapata mwili uliobaki. Alikuwa iktiosauri, mnyama wa baharini mwenye umbo kama la pomboo. Tajiri mmoja wa pale alimnunua kwa pauni 23. Mwaka 1819 alinadiwa London, na jumba la makumbusho la taifa likamchukua kwa pauni 45 na ushee. Wenzangu wa mpakani, hesabu hiyo mnaijua bila kufundishwa.

Watoto waliuliza mawe yale yana umri gani. Ni karibu miaka milioni 200, lakini nambari hiyo haiingii kichwani kwa mtu yeyote, hata mimi. Basi niliwaambia tuhesabu mwaka mmoja kuwa milimita moja. Mzee wa miaka 70 anapata sentimita 7, urefu wa kidole. Miaka milioni 200 inakuwa kilomita 200, karibu sawa na kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro. Mtoto wa dereva wa lori alinyamaza kabisa. Njia ile ameshaipita.

Kazi yenyewe ilikuwa ya hatari. Visukuku hupatikana zaidi wakati wa baridi, dhoruba inapobomoa majabali, na lazima viokotwe kabla bahari haijavichukua. Oktoba 1833 maporomoko yalimuua mbwa wake, Tray, yeye akaponea chupuchupu.

Mwaka 1823 alipata plesiosauri mzima, mwenye shingo ndefu kiasi kwamba Cuvier, bingwa wa mambo hayo kule Paris, alishuku kuwa mifupa imeunganishwa kwa hila. Mfanyabiashara akishukiwa hivyo, duka limekwisha. Mapema mwaka 1824 wataalamu walikutana London, ikathibitika kuwa mifupa ni halali. Lakini aliyeieleza kikaoni hakumtaja Mary hata kidogo. Chama chao hakikupokea wanawake kuwa wanachama hadi mwaka 1919. Yeye alikuwa akinakili maandishi ya wataalamu kwa mkono na kupasua samaki ili aelewe mifupa.

Watoto walishikilia kwamba hao ni dinosaria. Hapana, ni wanyama wengine walioishi baharini zama zile zile, na jina lenyewe la dinosaria lilitungwa mwaka 1842. Dinosaria wa kwetu ni wa Tendaguru, Lindi, waliochimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913. Wapagazi walibeba mifupa ile hadi bandarini, na leo iko Berlin. Majina ya wengi wao nayo hayakuandikwa popote.

Mary alifariki tarehe 9 Machi 1847 kwa saratani ya titi, akiwa na miaka 47. Sanamu yake ilizinduliwa Lyme Regis mwaka 2022, baada ya kampeni iliyoanzishwa na msichana wa shule.

Binti wa karanga aliuliza jambo moja tu: je, deni lililipwa? Nilimweleza kwamba mwaka 1820 mteja mmoja aliiona familia ile ikiuza samani ili ilipe kodi ya nyumba, akapiga mnada visukuku vyake mwenyewe na kuwapa fedha. Mnada huo uliingiza pauni 400.

Nimezungumza na mama yake. Tangu Jumatatu iliyopita binti yuko darasani asubuhi, na mchana anauza karanga. Deni bado lipo.