Mjerumani aliyejenga nyumba ndani ya kreta

Wadau, leo nawaletea habari za Adolf Siedentopf, jirani wa zamani wa sisi watu wa Olbalbal. Mlowezi huyu Mjerumani aliingia kreta ya Ngorongoro mwanzoni mwa miaka ya 1900, akajenga nyumba karibu na Mto Munge, akafuga ng'ombe. Serikali yake ikataka Wamaasai wampishe! Vita ya 1914 ikamtoa yeye. Waingereza wakalichukua shamba kama mali ya adui, likaishia kwa Sir Charles Ross, tajiri wa Scotland mwenye kasri la Balnagown. Ross akafariki 1942. Wamaasai nao wakakatazwa kuishi kreta 1974. Magofu yapo mpaka leo. Wageni walikuwa na karatasi, wazee wetu walikuwa na mifugo tu. Jamani, mnasemaje?