Kenyatta, mfungwa wa Turkana aliyeacha bima ya wenye mshahara

MWEZI Aprili 1959, Jomo Kenyatta aliondolewa katika gereza la Lokitaung, kaskazini mwa Turkana, akapelekwa Lodwar. Kifungo chake kilikuwa kimekwisha, lakini serikali ya kikoloni haikuwa tayari kumwachilia. Aliwekwa katika nyumba ndogo katika mji huo wa mchanga na joto kali, akakatazwa kuvuka mipaka aliyowekewa. Mkewe, Ngina, alimfuata huko.

Miaka saba baadaye, mzee huyo akiwa Rais wa Jamhuri, serikali yake ilianzisha Hazina ya Taifa ya Bima ya Hospitali, NHIF. Hazina hiyo ilidumu hadi mwaka 2024. Swali ambalo sheria yake ya kwanza haikulijibu lingali linaulizwa katika wilaya hiyo hiyo alikozuiliwa: familia isiyo na mshahara, na hasa iliyotoka nchi nyingine, itaingiaje katika bima ya umma?

Kenyatta alizaliwa katika miaka ya 1890, eneo la Gatundu, akaitwa Kamau. Wazazi wake walifariki angali mdogo, akaishi kwa muda na babu yake, Kungu wa Magana, aliyekuwa mganga. Hivyo tiba aliyoijua kwanza ilikuwa ile ya nyumbani.

Tiba ya hospitali aliijua kwa njia ya maumivu. Alishambuliwa na funza miguuni hadi akahitaji kupasuliwa, na aliyempokea alikuwa daktari wa misheni ya Kanisa la Scotland iliyokuwa imefunguliwa Thogoto. Baada ya kupona alivutiwa na aliyoyaona, akatoroka nyumbani ili awe mwanafunzi wa bweni. Huko alisoma, akafunzwa useremala, na mwaka 1914 akabatizwa kwa jina la Johnstone.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka, wakoloni waliwakamata vijana kwa nguvu kuwa wapagazi wa jeshi. Maelfu kwa maelfu hawakurudi, wengi wakiuawa na maradhi badala ya risasi. Kamau alikwepa kwa kukimbilia Narok, kwa jamaa zake wa Kimaasai. Ilikuwa mara ya kwanza kwake kupata hifadhi mbali na kwao.

Katika miaka ya 1920 aliajiriwa na baraza la mji wa Nairobi katika idara ya maji, akawa mmoja wa Waafrika wachache waliopokea mshahara wa kila mwezi. Aliiacha kazi hiyo akawa katibu mkuu wa chama cha KCA, na mwaka 1929 chama kikamtuma London kudai ardhi iliyonyakuliwa.

Alirudi nyumbani mwaka 1930, akaondoka tena mwaka uliofuata. Safari hii alikaa ugenini miaka 15. Alipita Moscow, akasoma elimu ya jamii na mila chini ya Profesa Bronislaw Malinowski, na mwaka 1938 akachapisha kitabu chake kuhusu Wakikuyu. Lakini maisha yake ya kila siku yalikuwa ya mhamiaji wa kawaida: kodi ya chumba ilimsumbua na madeni yalimwandama. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili alikuwa kibarua wa shamba huko Storrington, kusini mwa Uingereza. Mwaka 1942 alimwoa Edna Clarke, akapata naye mtoto wa kiume.

Inafaa kukumbuka jinsi Uingereza ilivyowatibu wafanyakazi wake wakati huo. Tangu sheria ya mwaka 1911, mfanyakazi aliyekatwa mchango katika ujira wake alikuwa na haki ya kumwona daktari. Haki hiyo haikumfikia mkewe wala watoto wake. Mpango wa tiba kwa kila mkazi, bila kuulizwa mchango wala uraia, ulianza Julai 1948. Kenyatta alikuwa amekwisha kurejea Kenya, Septemba 1946.

Mambo yaliyofuata yanajulikana na kila mwanafunzi wa historia. Mwaka 1947 alichaguliwa kuongoza chama cha KAU. Usiku wa Oktoba 20, 1952 hali ya hatari ilitangazwa, akakamatwa. Alishtakiwa Kapenguria pamoja na wenzake watano, na Aprili 1953 akahukumiwa miaka saba ya kazi ngumu kwa madai ya kuongoza Mau Mau.

Turkana ilichaguliwa kwa sababu ya umbali wake. Ilikuwa wilaya iliyofungwa, ambako mtu hakuingia wala kutoka bila kibali. Lokitaung, karibu na mpaka wa Ethiopia, ilikuwa mahali pa kumsahaulisha mtu. Kwa sababu ya umri wake, Kenyatta alipewa kazi ya kuwapikia wafungwa wenzake.

Alipohamishiwa Lodwar, wenyeji aliowakuta walikuwa raia wa Kenya kwa jina tu. Barabara hazikuwapo za kutosha, shule zilihesabika kwa vidole, na zahanati zilikuwa chache mno kwa eneo kubwa kiasi hicho. Mfugaji aliyevunjika mguu au mama aliyeshindwa kujifungua alitegemea ujuzi wa wazee na rehema ya Mungu.

Katika miaka ya 1960 na 1961 ukame uliangamiza mifugo, njaa ikaingia. Serikali ikawakusanya waliofilisika katika kambi za chakula, na wengine wakapelekwa Ghuba ya Ferguson, kando ya ziwa, mwendo wa kilomita 60 hivi kutoka Lodwar. Huko walifundishwa uvuvi. Watu waliokuwa wameishi kwa maziwa na nyama wakaanza maisha mapya ya nyavu na samaki.

Kenyatta hakukaa kuyaona matunda ya jambo hilo. Aprili 1961 alihamishiwa Maralal, na Agosti mwaka huo akarudishwa Kiambu akiwa huru. Juni 1, 1963 akawa Waziri Mkuu, na Desemba 12, 1964 akaapishwa kuwa Rais.

Serikali mpya ilitangaza vita dhidi ya maadui watatu: umaskini, ujinga na maradhi. Hayo ya tatu hayakubaki maneno matupu. Mwaka 1965 ada zilizotozwa wagonjwa wasiolazwa katika vituo vya serikali zilifutwa. Hospitali kuu ya Nairobi, iliyokuwa na jina la Mfalme George wa Sita, ikapewa jina la Rais. Wananchi walijenga zahanati kwa harambee, na mwaka 1970 serikali kuu ikachukua huduma za afya kutoka mabaraza ya wilaya yaliyokuwa yameelemewa.

Kilichobaki kilikuwa gharama ya kulazwa. Enzi za ukoloni Wazungu walikuwa na hazina yao ya hospitali. Bunge la Kenya huru halikuweza kuendelea na bima iliyofuata rangi ya ngozi, na ndipo sheria ya NHIF ikapitishwa mwaka 1966.

Utaratibu wake ulikuwa mwepesi. Aliyepata mshahara wa Sh1,000 au zaidi kwa mwezi alikatwa Sh20, fedha zikapelekwa katika hazina. Akilazwa yeye, mkewe au mtoto wake, hazina ililipa sehemu ya gharama kwa kila siku ya kitandani. Katika jambo moja sheria hiyo iliipita ile ya Uingereza ya mwaka 1911, kwani iliitambua familia nzima ya mchangiaji.

Hata hivyo, mlango wake ulikuwa mmoja, nao ulikuwa mshahara. Sh1,000 wakati huo zilikuwa kipato cha wakubwa wa ofisi. Mvuvi wa Ghuba ya Ferguson aliuza samaki, mfugaji wa Lodwar aliuza mbuzi, na hakuna mwajiri aliyeweza kuwakata chochote. Mwaka 1972 sheria ilirekebishwa ili asiye na ajira aweze kujiunga kwa hiari. Lakini hiari haiendi mbali pasipo na ofisi ya kujiandikisha wala fedha za kulipia kila mwezi.

Kwa wageni, mlango ulikuwa mwembamba zaidi. Mwaka 1967 serikali ya Kenyatta ilipitisha sheria za uhamiaji na leseni za biashara zilizomtaka asiye raia apate kibali kabla ya kufanya kazi au kuuza bidhaa. Lengo lilikuwa kuwapa Waafrika nafasi walizonyimwa kwa muda mrefu. Maelfu ya Waasia wenye pasipoti za Uingereza waliondoka, hadi London nayo ikapitisha sheria ya kuwazuia Machi 1968. Matokeo yake, asiye na kibali hakuwa na ajira, na asiye na ajira hakuwa na bima.

Kenyatta hakuifunga nchi kwa kila mgeni. Iddi Amin alipoanza kuwaua watu wake katika miaka ya 1970, walimu, madaktari na wasomi wengine wa Uganda walikimbilia Kenya, na wengi wakapata kazi. Lakini hao walikuwa na vyeti. Kwa mkimbizi asiye na kitu mkononi, sheria ya bima ilikuwa kimya.

Mwaka 1975 Rais alilibadilisha jina Ziwa Rudolf, likawa Ziwa Turkana. Miaka mitatu baadaye, Agosti 22, 1978, alifariki Mombasa. Waturkana walipata heshima ya ziwa lenye jina lao, ila wengi wao hawakuwa na kadi ya bima.

Mambo yaliyotokea baada ya kifo chake yameupima urithi huo. Katikati ya miaka ya 1980 maji ya Ghuba ya Ferguson yalikauka na uvuvi ukadorora. Mwaka 1989 serikali ilirudisha malipo ya wagonjwa chini ya sera ya kuchangia gharama. Mwaka 1992 kambi ya Kakuma ilifunguliwa, kilomita 120 hivi kutoka Lodwar, kwa ajili ya vijana waliokimbia vita vya Sudan. Wakaja Wasomali, Waethiopia, Wakongo na Warundi. Leo Kakuma na makazi ya Kalobeyei yana zaidi ya watu robo milioni.

Kwa miaka mingi matibabu yao yaligharimiwa na mashirika ya misaada, na Waturkana wa jirani nao wakatibiwa katika hospitali za kambini. Mkimbizi aliyefanya kazi katika mashirika hayo alilipwa posho ya motisha, isiyohesabiwa kuwa mshahara. Kuanzia mwaka 2014, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa lilianza kuwaandikisha NHIF baadhi ya wakimbizi wa Nairobi kwa kuwalipia michango. Hatua hiyo ilionyesha kwamba mgeni anaweza kuwa mwanachama kama raia mwingine, mradi awepo wa kulipa.

Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 iliwapa njia ya vitambulisho na kazi. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023 ikataja pia wasio raia wanaoishi nchini kwa zaidi ya miezi 12 kuwa miongoni mwa wanaopaswa kuchangia. Oktoba 2024 NHIF iliondoka, nafasi yake ikachukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara hukadiriwa kipato cha nyumba yake na kulipa si chini ya Sh300 kwa mwezi.

Kwa maandishi, mlango wa mshahara alioujenga Kenyatta umevunjwa. Kwa vitendo, Sh300 kwa mwezi ni Sh3,600 kwa mwaka, na mwaka 2025 misaada ya kigeni ilipopunguzwa, hata mgao wa chakula Kakuma ulipungua. Mama anayepima unga hawezi kuweka akiba ya bima. Mvuvi wa Ghuba ya Ferguson, ambaye katika miaka ya karibuni ameona ziwa likifurika na kumeza makazi ya ufukweni, yuko katika hali hiyo hiyo.

Kenyatta alipata kuwa mgonjwa aliyetibiwa na misheni, mhamiaji mwenye madeni ughaibuni, na mfungwa aliyeishi kati ya Waturkana kwa miaka minane. Alipopata mamlaka, aliwajengea bima wale ambao serikali ingeweza kuwakata mchango kwa urahisi. Zimepita zaidi ya miaka 60 tangu aondoke Lodwar, na wasioweza kukatwa kitu, mwenyeji na mgeni, wangali wanasubiri zamu yao.