Carl Czerny: Mwalimu aliyeliacha jukwaa ili kuwaandaa wengine

MWANAFUNZI wa piano anayejiandaa kwa mtihani wa vitendo, awe London au Nairobi, huenda asimalize madaraja yote bila kukutana na jina la Carl Czerny. Wengi hulikuta juu ya kurasa za mazoezi ya vidole, na si wachache wanaolichukia. Hata hivyo, mwenye jina hilo naye aliwahi kukaa, akiwa mtoto, mbele ya mtahini mkali kuliko wote wa zama zake.

Czerny alizaliwa Vienna, Austria, Februari 21, 1791. Baba yake, Wenzel, alikuwa mwalimu wa piano mwenye asili ya Kicheki, na ndiye aliyemwanzisha. Alipofikisha umri wa takriban miaka 10 alipelekwa nyumbani kwa Ludwig van Beethoven. Mtoto alipiga kazi ya Mozart, kisha sonata ya mwenyeji wake iitwayo Pathétique. Beethoven akaridhika, akataka aletwe mara kadhaa kwa wiki.

Masomo ya mwanzo hayakuwa na madoido. Yalikuwa skeli tupu, yaani ngazi za sauti, moja baada ya nyingine hadi zote zikamalizika. Yakafuata mafunzo ya mkao wa mikono na ya kidole gumba, ambacho wapigaji wengi wa siku hizo hawakujua kukitumia ipasavyo.

Mwaka 1805 Beethoven alimwandikia barua ya kumsifu kwa ajili ya ziara ya maonyesho, lakini Ulaya ilikuwa vitani na ziara haikufanyika. Czerny hakuwa na hamu kubwa ya jukwaa. Aligeukia ualimu angali kijana, na kwa miaka mingi alifundisha kutwa nzima, hata saa 10 au zaidi kwa siku, huku usiku akitunga.

Somo moja alilipata kwa aibu. Mwaka 1816, akipiga hadharani kwinteti ya Beethoven ya piano na ala za kupuliza, aliongeza madoido ambayo hayakuandikwa. Beethoven alimkaripia mbele ya wanamuziki wenzake. Kesho yake alimwandikia kumtaka radhi, akieleza kuwa mtunzi hupenda kusikia kazi yake ilivyoandikwa. Watahini wa leo nao wangemkata alama.

Hasira hiyo haikuvunja uaminifu. Beethoven alimkabidhi Czerny mpwa wake, Karl, amfundishe piano, na akampa ushauri ambao kila anayemwandaa mtahiniwa angefaa kuujua. Vidole, mapigo na nota vikishakuwa sawa, mwanafunzi asikatizwe kwa kila kosa dogo. Aachwe afike mwisho wa kipande, ndipo asahihishwe. Anayezoea kusimamishwa kila mstari hujikuta chumba cha mtihani hajawahi kumaliza wimbo hata mmoja.

Mtihani mkubwa wa Czerny mwenyewe kama mwalimu ulikuwa Franz Liszt. Alipoletwa kwake mara ya kwanza mwaka 1819, mtoto huyo wa Hungaria aliyumba kitini kama mlevi na kurusha vidole ovyo, lakini kipaji kilikuwa dhahiri. Familia ilipohamia Vienna mwaka 1822, Czerny alianza naye upya: skeli kwanza, kisha sonata za Clementi zilizomlazimisha kushika mapigo barabara, na kila mara nota mpya za kusoma papo hapo. Baada ya masomo machache alikataa kupokea ada. Desemba 1, 1822, Liszt, akiwa na miaka 11, alitumbuiza hadharani Vienna na kushangiliwa.

Mwaka uliofuata baba yake alimwondoa mjini kwenda kutafuta umaarufu. Czerny alisikitika, aliona mtoto anachumwa kabla ya kuiva. Liszt hakumsahau: mwaka 1852 alitoa toleo la mwisho la etyudi zake ngumu kupita kiasi akiwa amemtunukia mwalimu huyo.

Czerny aliacha kazi zenye namba zaidi ya 800. Opus 599 ni ya wanaoanza. Opus 299 huwapa wasi vidole. Opus 740 ni ya waliokwisha kukomaa. Kupanda huko hatua kwa hatua ndiko hasa mitihani ya madaraja inakopima. Bodi ya Uingereza inayojulikana zaidi kwa mitihani hiyo, ABRSM, iliundwa mwaka 1889, miaka 32 baada ya kifo chake.

Alifariki Vienna, Julai 15, 1857, akiwa na miaka 66. Hakuoa wala hakuacha mtoto. Sehemu kubwa ya utajiri aliouchuma kwa kufundisha na kuandika aliiachia taasisi za hisani, mojawapo ikiwa ya kuwasaidia viziwi.