JM: Barua za kizuizini hadi kimya cha Ngong

JOSIAH Mwangi Kariuki, maarufu kama JM, alizaliwa mwaka wa 1929 katika Bonde la Ufa, wazazi wake wakiwa maskwota kwenye shamba la mlowezi. Alikamatwa Nakuru mnamo 1953. Katika miaka saba ya kizuizini alipenyeza barua za kulalamikia mateso, nazo zikamletea kichapo zaidi.

Akiwa mbunge wa Nyandarua Kaskazini alikemea ulafi wa ardhi, ingawa aliwahi kuwa katibu wa Mzee Kenyatta.

Alitoweka Machi 2, 1975. Gazeti la Daily Nation likatangaza kwamba yuko Zambia, kumbe maiti yake ilikuwa imeokotwa Ngong. Mkewe, Terry, alikuwa miongoni mwa waliomtambua mochari. Kamati ya Bunge ya Elijah Mwangale ilichunguza, hakuna aliyehukumiwa.