Victor Horta na jumba lililojificha nyuma ya maduka

Tukilitaja jina la Victor Horta darasani, wengi hufikiria nyumba za matajiri wa Brussels: ngazi zinazojipinda kama mashina ya mimea, nguzo za chuma zisizofichwa, mwanga unaoshuka kutoka paa la kioo. Mimi napenda zaidi jengo alilolifanya uzeeni, Palais des Beaux-Arts, kwa sababu pale alifungwa mikono pande zote.

Alizaliwa Gent mwaka 1861, mtoto wa fundi viatu. Alikwenda Paris akiwa kijana, akarudi baba yake alipofariki mwaka 1880. Baadaye akafanya kazi kwa Alphonse Balat, msanifu wa mfalme Léopold II, wakati vikijengwa vile vibanda vikubwa vya kioo na chuma vya kutunzia mimea huko Laeken. Mwaka 1893 alianza nyumba ya Tassel, iliyompatia jina. Miaka miwili baadaye akamjengea Edmond van Eetvelde, kiongozi wa utawala wa État Indépendant du Congo.

Hapo sipiti haraka. Van Eetvelde aliiongoza ofisi iliyokuwa ikitawala nchi yetu kutoka Brussels, katika miaka ya mpira na viboko. Nyumba ile sasa imo katika urithi wa dunia wa UNESCO, tangu mwaka 2000. Ni nzuri kweli, sikatai. Lakini mwalimu anayeonyesha picha zake bila kusema mwenye nyumba alikuwa nani, ametuficha nusu ya somo.

Biashara ya barabarani Horta aliijua vizuri. Mwaka 1901 duka kubwa la À l'Innovation lilikuwa limesimama katika rue Neuve, uso wake wote kioo na chuma, kana kwamba barabara yenyewe imeingia ndani. Wakati wa vita vya kwanza alikimbilia London, kisha Marekani, akarudi mwaka 1919. Enzi ya mikunjo ilikuwa imekwisha, na fedha zilikuwa haba.

Kazi ya jumba la sanaa ikamkuta hivyo. Serikali ilishindwa kulipa, ikabidi iundwe sosiete mwaka 1922, na mji ukatoa kiwanja kwa masharti. Kiwanja chenyewe kilikuwa mteremko mkali, kati ya mji wa juu wa mfalme na mji wa chini wa wafanyabiashara. Sisi wa Bukavu tunajua kujenga kwenye mteremko ni nini! Juu, jengo lisizibe mandhari ya mji inayoonekana kutoka ikulu. Upande wa rue Ravenstein, mji ulitaka maduka, ili barabara isipoteze biashara yake. Yaani jumba la muziki na picha lisionekane sana, na chini yake watu waendelee kuuza na kununua.

Msanifu mwenye kiburi angeacha kazi. Horta, ambaye hakukosa kiburi, aliingia ardhini. Akapanga maduka usoni, nyuma yake kumbi za maonyesho, na katikati ya mlima akachimbia ukumbi wa muziki wenye umbo kama la yai, wa watu zaidi ya elfu mbili. Chuma kilichompa sifa alikiacha, akatumia saruji yenye nondo, na mistari iliyonyooka. Mpita njia angeona vioo vya maduka tu, hajui kwamba nyuma yake kuna orkesta nzima. Ukumbi ulifunguliwa mwaka 1929.

Mwaka 1945 aliharibu sehemu kubwa ya michoro yake, akafariki mwaka 1947. Maison du Peuple, aliyowajengea wafanyakazi, ilibomolewa mwaka 1965. À l'Innovation iliungua tarehe 22 Mei 1967, na watu zaidi ya mia mbili wakafa ndani. Lile lililoinamishwa chini ya macho ya mfalme bado linapigiwa muziki hadi leo.