Matt Talbot: Mlevi Aliyefunguliwa Mlango



Wapendwa Taifa la Mungu, kila aishiye kandokando ya Ziwa Viktoria anaijua kalenda ya wavuvi wa dagaa. Usiku wa giza huwasha taa na kuingia ziwani. Mwezi unapong'aa, dagaa hawafuati taa tena, mitumbwi hupumzika na wavuvi hukaa mwaloni wakiwa na fedha mkononi. Hizo ndizo siku ambazo vilabu vya pombe hujaa na gongo hupata wateja. Wako akina mama wa mialo ya Mwanza, Sengerema na Ukerewe wanaozihesabu siku hizo kwa hofu. Kwa ajili yao, na kwa ajili ya wana wao, napenda leo kuyasimulia maisha ya kibarua mmoja aliyeishi mbali nasi, ambaye mama yake naye alizihesabu siku za mshahara kwa hofu ileile.

Matt Talbot alizaliwa Dublin, nchini Ayalandi, tarehe 2 Mei 1856, akiwa mtoto wa pili katika familia maskini ya watoto kumi na wawili. Baba yake, Charles, alifanya kazi bandarini na alikuwa mlevi. Mama yake, Elizabeth, ndiye aliyeishika nyumba isianguke. Familia ilihama mara kwa mara kutoka chumba kimoja cha kupanga hadi kingine, na Matt alikaa shuleni kwa muda mfupi tu.

Akiwa na umri wa miaka 12 alipata kazi kwa wafanyabiashara wa vileo, na huko akaanza kuonja masalia yaliyobaki chupani. Baba yake alipoona kijana anarudi nyumbani amelewa, alimchapa na kumhamishia bandarini ili amtazame kwa karibu. Lakini huko nako kulikuwa na maghala ya pombe kali. Tuliangalie jambo hili kwa makini: mtoto aliondolewa mahali pamoja pa hatari akapelekwa mahali penye hatari kubwa zaidi, na aliyemsimamia alikuwa mtu aliyeshindwa na ugonjwa uleule.

Kwa takribani miaka kumi na sita Matt aliishi kwa ajili ya pombe. Mshahara wa Jumamosi uliishia kilabuni. Fedha zilipokwisha alikopa. Mikopo ilipokataliwa aliweka rehani hata viatu vyake. Siku moja yeye na wenzake walimwibia mpiga fidla wa mtaani chombo chake, ambacho ndicho kilichompatia riziki, wakakiuza ili wapate kinywaji. Dhambi hiyo ilimchoma moyo kuliko nyingine zote.

Mwaka 1884, akiwa na umri wa miaka 28, alikaa wiki nzima bila kazi. Jumamosi akasimama nje ya kilabu, akiwasubiri wenzake watoke na mishahara yao. Yeye mwenyewe, alipokuwa nazo, alikuwa amewanywesha mara nyingi. Wakapita mmoja mmoja, wengine wakimsalimu, na hakuna aliyemkaribisha ndani. Matt akarudi nyumbani mapema. Mama yake alishangaa kumwona akiwa na akili timamu saa ile. Akamwambia kwamba anakwenda kuweka ahadi ya kuacha pombe. Mama, aliyekwisha kusikia maneno mengi ya walevi, alimsihi aende kwa jina la Mungu, lakini asiahidi kitu asichokusudia kukitimiza.

Siku hiyohiyo alikwenda katika Chuo cha Msalaba Mtakatifu, Clonliffe, akaungama na kuweka ahadi mbele ya padre. Hakuthubutu kuahidi maisha yake yote. Aliahidi miezi mitatu tu. Ilipotimia, akaongeza muda, na hatimaye akaahidi hadi kufa.

Miezi ile mitatu ilikuwa migumu kupita kiasi. Mwili ulidai pombe, na jioni zilikuwa ndefu kwa sababu marafiki wote aliokuwa nao walikuwa vilabuni. Alimlalamikia mama yake kwamba hana uhakika wa kufika mwisho. Basi akajipangia maisha mapya, saa kwa saa. Asubuhi na mapema, kabla ya kazi, alihudhuria Misa Takatifu. Baada ya kazi aliingia kanisani badala ya kilabuni, akachagua makanisa yaliyo mbali ili asikutane na wenzake wa zamani. Inasimuliwa kwamba siku moja alishindwa, akaingia kilabuni na kusimama mbele ya meza. Mhudumu hakumwona, naye akatoka mbio. Tangu siku hiyo akaamua kutotembea na fedha mfukoni.

Polepole akalipa madeni yake yote. Alimtafuta yule mpiga fidla kwa miaka mingi katika mitaa ya Dublin. Alipokata tamaa ya kumpata, akatoa thamani ya chombo kile ili Misa ziadhimishwe kwa ajili yake. Mwaka 1890 alijiunga na Utawa wa Tatu wa Mtakatifu Fransisko. Alibaki kibarua hadi uzeeni, akibeba mbao katika kiwanja cha wauza mbao. Yeye aliyesoma kidogo alijifunza kusoma vitabu vya Mtakatifu Augustino, akiuliza mapadre maana ya maneno magumu. Sehemu kubwa ya mshahara wake iliwaendea maskini na wamisionari. Alimtunza mama yake hadi alipofariki mwaka 1915.

Jumapili tarehe 7 Juni 1925, Sherehe ya Utatu Mtakatifu, Matt alianguka njiani akienda kanisani, akafa barabarani katika kichochoro cha Granby Lane. Hospitalini walikuta minyororo mwilini mwake, ishara ya toba aliyoificha kwa watu. Tarehe 3 Oktoba 1975, Mtakatifu Papa Paulo VI alithibitisha kwamba mtumishi huyu wa Mungu aliishi fadhila za Kikristo kwa namna ya kishujaa. Leo masalia yake yamehifadhiwa katika kanisa la Bikira Maria wa Lurdi, jijini Dublin, na waraibu wengi huomba mbele ya kaburi lake.

Wapendwa, minyororo ile tusiigeuze kuwa somo la kwanza. Matt alikuwa na karama yake na waungamishi wake. Mraibu wa leo hahitaji mateso mapya. Anahitaji padre, daktari na jirani. Aliyekunywa sana kwa miaka mingi asiache ghafla peke yake nyumbani, kwa maana anaweza kupatwa na degedege na hata kufa. Apelekwe hospitali kwanza.

Somo la kwanza ni mlango. Matt alipotoka kuungama alikuwa na mahali pa kurudi: chumba cha mama yake, palipo na chakula, na mtu wa kumsikiliza anapokaribia kushindwa. Neema ya Mungu ilipita humo. Je, angerudi kulala juu ya kile kilabu, ahadi yake ingefika siku ya tatu?

Hapo ndipo tunapoona maana ya nyumba za upataji nafuu, ambazo vijana wetu huziita soba. Zimekuwapo Zanzibar na Tanzania Bara kwa miaka kadhaa. Humo aliyeacha pombe au dawa za kulevya huishi na wenzake kwa muda, kwa ratiba ya kuamka, kazi, mazungumzo na kulala, kabla ya kurudi mtaani kwake. Nyingi huongozwa na watu waliopita njia hiyohiyo. Huko Sydney, Australia, Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo kilifungua mwaka 1938 nyumba ya kuwapokea wanaume wasio na makazi, wakaipa jina la Matthew Talbot.

Mara nyingi sisi humwombea mraibu, humshauri, humpa nauli, kisha humrudisha mwaloni uleule, kwenye chumba kilekile, karibu na mtungi uleule. Akianguka tena twasema hakuwa na nia. Huko ni kumhukumu mtu kwa kosa ambalo nusu yake ni letu.

Si kila parokia inaweza kujenga nyumba. Lakini Jumuiya Ndogo Ndogo inaweza kumtafutia mtu mmoja chumba kwa miezi mitatu, mbali na kilabu. WAWATA wanaweza kumkaribisha mezani, na mwanaume mmoja wa jumuiya akampitia alfajiri waende Misa pamoja. Miezi mitatu ndiyo muda ambao Matt Talbot aliuomba kwanza. Tusimnyime ndugu yetu.

Mtumishi wa Mungu Matt Talbot, utuombee.