Robert Koch na Ufundishaji wa Seli ya Bakteria

Muundo na kazi za seli ya bakteria ni mada inayowatatiza wanafunzi wengi wa sekondari. Mwanafunzi wa Sumbawanga huweza kuichora seli hiyo bila kukosea, akaandika majina ya sehemu zake zote, na bado moyoni asisadiki kwamba kitu hicho kipo. Sababu ni kuwa amepewa majina pasipo ushahidi. Katika makala haya tunakusudia kueleza maisha ya Robert Koch, mganga wa Kijerumani aliyeonyesha njia ya kuthibitisha kisichoonekana kwa macho, na ambaye alifanya kazi katika nchi yetu pia. Tutaeleza mafanikio yake pamoja na makosa yake, kwani mwalimu anayahitaji yote mawili.

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 huko Clausthal, mji wa wachimba madini. Baada ya kusomea uganga Göttingen, alipata kazi ya uganga wa wilaya huko Wöllstein, mji mdogo ambao leo umo katika nchi ya Poland. Hakuwa na maabara ya serikali. Alikuwa na hadubini, panya, vijiti vya mbao na subira. Mifugo ya wilaya ile ilikuwa ikifa kwa kimeta, ugonjwa ambao wafugaji wa Ufipa na wa bonde la Rukwa hawahitaji kuelezwa ubaya wake.

Mwaka 1876 Koch alionyesha kwamba kimeta huletwa na bakteria wenye umbo la fimbo. Aliwakuza katika majimaji ya jicho la ng'ombe, akawahamisha mara nyingi kutoka tone moja hadi jingine, na bado waliweza kumwua panya. Aliona pia kwamba hali inapokuwa mbaya bakteria hao hujifanyia spora, yaani umbo lenye ganda gumu linalostahimili ukavu na joto. Hapo ndipo ilipofahamika kwa nini malisho yaliyoachwa kwa miaka mingi huweza kuua ng'ombe tena.

Mwalimu asipite hapa kwa haraka. Mji wa Sumbawanga uko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,700, na huko maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi za sentigredi, si 100. Joto hilo latosha kabisa kuwaua bakteria wa kipindupindu katika maji ya kunywa, lakini halitoshi kuiangamiza spora ya kimeta. Basi kuchemsha nyama ya mnyama aliyekufa kwa kimeta hakumwokoi mlaji. Mwanafunzi akilielewa jambo hili, spora haitakuwa tena neno la kukariri.

Tatizo lililofuata lilikuwa kumtenga bakteria wa aina moja na wenzake. Koch alikata kiazi kilichochemshwa, akaona vidoa vya rangi mbalimbali juu yake, na kila kidoa kilikuwa kizazi cha aina moja. Baadaye Fanny Hesse, mke wa msaidizi wake, alishauri agari, ute wa mwani aliouzoea jikoni. Na mwaka 1887 Petri, msaidizi mwingine, alieleza kisahani chenye kifuniko kinachotumika hadi leo. Kidoa hicho humwezesha mwalimu kufundisha ukuaji. Bakteria mmoja akigawanyika kila baada ya dakika 20, baada ya saa 8 watakuwa zaidi ya milioni 16. Wanafunzi na wafanye hesabu hiyo wenyewe.

Tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, Koch alitangaza kwamba amempata bakteria wa kifua kikuu. Bakteria huyo alikuwa amejificha kwa sababu ya muundo wake: ukuta wa seli yake una nta nyingi, hivyo haupitishi rangi kwa urahisi. Nta hiyohiyo humkinga dhidi ya ukavu na dhidi ya dawa nyingi. Muundo na kazi, kwa hiyo, si sura mbili za kitabu. Ni jambo moja.

Mwaka 1890 Koch aliiacha njia yake. Alitangaza kwamba tuberkulini ni dawa ya kifua kikuu, huku akificha namna ilivyotengenezwa. Wagonjwa walimiminika Berlin. Dawa haikuponya, na baadhi yao walikufa. Baadaye ilifaa kwa kupimia tu.

Afrika Mashariki ilimwona zaidi ya mara moja. Mwaka 1898 alithibitisha kwamba ugonjwa wa Kiziba, upande wa Bukoba, ulikuwa tauni. Mwaka 1905, mwaka aliopewa Tuzo ya Nobel, alichunguza homa ya papasi kwenye njia za misafara kutoka pwani kuelekea bara. Alionyesha kwamba bakteria wake, mwenye umbo la msokoto, huenezwa na papasi wanaojificha katika sakafu za nyumba, na kwamba papasi huwarithisha watoto wake kupitia mayai.

Mwaka 1906 alikwenda visiwa vya Sese, Uganda, kutibu malale, ugonjwa usioletwa na bakteria. Alitumia atoksili, dawa yenye aseniki. Ugonjwa uliporudi, aliongeza kipimo. Wagonjwa kadhaa walipofuka, wala hawakuona tena. Watu hao walikuwa chini ya utawala wa kigeni na hawakuwa na nafasi ya kuuliza. Yeye alifariki Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910, akiwa na heshima zote. Majina yao hayasomwi katika vitabu vyetu.

Twashauri mada hii ianzie kwenye shamba. Wafipa hufukia majani katika matuta ya mviringo waitayo intumba, yakaoza, yakarutubisha udongo. Mwalimu aulize ni nani aliyeyaozesha. Kisha akate kiazi kilichochemshwa, akifunike kwa gilasi safi, na baada ya siku chache wanafunzi watazame vidoa bila kufunua. Kazi ikiisha kichomwe moto. Ndipo mchoro uje: ukuta unaohifadhi umbo, utando unaochagua kiingiacho, saitoplazimu yenye ribosomu za kutengeneza protini, chembeurithi isiyo na utando wa kiini, na kwa baadhi yao flajela ya kuogelea.

Mwishoni maisha ya Koch yasimuliwe yote, pamoja na Sese. Mwanafunzi ajue kwamba kanuni ya ushahidi haimsamehe hata aliyeitunga, na kwamba anayo haki ya kumwuliza mwalimu wake tumejuaje.